Msalaba wa Penseli

Bibi yangu ananiita mke mwenza. Babu alifariki kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo tunagombania marehemu, na mpaka sasa yeye ndiye anayeongoza kwa sababu ana picha yake na mimi sina. Wali ukiungua, kaunguza mke mwenza. Kuku wakila ufuta, kawaachia mke mwenza. Nami simwachii. Nikimkuta amesinzia na miwani usoni, namuuliza kama ameivaa ili amwone mume wetu vizuri ndotoni. Bibi na mjukuu tuna ruhusa hiyo, na mtaani kwetu hapa Kibiti hakuna anayeshangaa. Mama yangu akisema robo ya maneno hayo, kitaitishwa kikao.

Kwa Bibi nililetwa kusoma. Baba na mama wamebaki kisiwani huko delta, baba anakata boriti za mikoko, mama anaanika uduvi, na mie niko kidato cha tatu, cheo changu darasani ni cha kuchekesha. Mwalimu wa zamu amewahi kuniambia kwamba mdomo wangu ungekuwa na miguu ungeshafika Mtwara. Siwezi kubisha. Mwaka juzi shangazi alininong'oneza kwamba ana ujauzito, mimi peke yangu, siri ya damu. Niliificha kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Kufikia alasiri muuza maji alikuwa anampa hongera.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapewa siri ya kweli.

Mambo yalianza kwa furaha. Mjomba, kaka yake mama, alipiga simu kutoka Dar akasema amemlipia Bibi safari ya kwenda kuhiji. Bibi aliiweka simu chini, akaenda kuchota maji ambayo yalikuwepo tele, akarudi, akayamwaga, akaenda kuchota tena. Kwa siku mbili hakunitania hata mara moja, nikadhani anaumwa. Kilichobaki kilikuwa pasipoti tu, na kiongozi wa msafara alitaka majina na pasipoti zote kabla ya mwezi kwisha.

Tukaenda ofisini wilayani. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu nyingi, shikamoo bibi, kaa bibi, karibu bibi. Akaiweka kadi ya mpiga kura mkono wa kushoto na kitambulisho cha taifa mkono wa kulia. Akatazama huku, akatazama huku.

"Bibi, hapa una watu wawili," akasema. "Wa kadi amemzidi wa kitambulisho miaka saba."

"Huyo wa kadi ndiye mimi," Bibi akasema. "Hicho kitambulisho kinasema uongo. Nilimwambia tangu siku ile yule aliyeniandika."

Kosa lilivyotokea ni hivi. Bibi hajui mwaka aliozaliwa, anajua mafuriko. Mama yake alijifungua bondeni, chini ya Umwe, juu ya dungu, yaani kile kibanda cha miguu mirefu ambacho watu wa bonde hukijenga shambani kulindia mpunga. Maji yalikuwa yamejaa chini, mtumbwi umefungwa kwenye ngazi. Kwa hiyo kila karani akimuuliza umezaliwa lini, anajibu, "Mwaka wa mafuriko makubwa." Na Rufiji haina mafuriko makubwa mamoja. Karani wa kadi alikuwa na mafuriko yake kichwani, karani wa kitambulisho alikuwa na yake, kila mmoja akaandika mwaka wake, na wote wawili wakagonga muhuri.

"Niape basi," Bibi akasema.

"Kiapo nitakipokea, bibi yangu. Lakini utaapa mwaka upi? Nitafutie kitu chochote kilichoandikwa zamani kuliko hizi mbili. Hata kama ni karatasi ya zahanati. Kikiunga mkono mwaka mmojawapo, tumemaliza."

Kwa mtendaji wa kata hakukuwa na kitu. Daftari la vizazi lilianzia miaka aliyozaliwa mama yangu. La kabla ya hapo lilihama na watu kutoka bondeni miaka ile walipohamishwa, likalowa, likaanikwa, likaliwa na mchwa. Mtendaji alituonyesha jalada lake. Ndani palikuwa na vumbi na mchwa mmoja ambaye nadhani alikuwa anamalizia herufi ya mwisho.

"Huyu ndiye msajili mkuu," nikasema. Mtendaji akacheka. Bibi hakucheka.

Tulipofika nyumbani akafunga mlango wa uani, akaniita chumbani, akakaa kitandani, akanishika mkono. Nilijua si utani maana aliniita mjukuu wangu.

"Kuna mahali nimeandikwa," akasema. "Kwenye kitabu cha kanisa."

Nikangoja acheke. Hakucheka.

Mama yake alikuwa mtu wa vilimani, kusini, Mmatumbi aliyeolewa bondeni. Huko vilimani kuna misheni ya zamani, na masista walikuwa na zahanati. Mama huyo alifariki Bibi akiwa hajaota meno ya pili. Alipokuwa kigori, shangazi yake mmoja, katika ugomvi wa sufuria, alimtupia neno: "Wewe nyamaza, jina lako liko misheni, ulimwagiwa maji ya kanisa ungali mchanga." Shangazi akafa bila kuongeza neno. Bibi akaibeba hiyo kauli tangu ukigori wake mpaka kitanda hiki tulichokalia. Kaolewa nayo, kazaa nayo, kafunga Ramadhani zote nayo. Kila akiswali, anasema, kuna sehemu moja ndogo nyuma ya shingo inauliza: na yale maji?

"Bibi, mtoto mchanga hajui kitu," nikamwambia. "Hata shehe atakwambia hivyo hivyo."

"Najua shehe atasema nini. Sijui kisimani watasema nini. Na jirani je?"

Jirani ni lazima nimweleze. Anakaa nyuma ya ua wetu wa makuti, anasuka mikeka, na yeye na Bibi wameshindana tangu wasichana. Huyu mwaka wake una uhakika. Baba yake aliuandika kwa wino nyuma ya jalada la msahafu, siku na saa, na hachoki kuutaja. Umeangukia katikati ya yale mafuriko mawili. Kwa hesabu ya kadi, hesabu anayoipenda Bibi, jirani ni mdogo. Kwa hiyo kila asubuhi tangu enzi hizo jirani anasema juu ya ua, "Shikamoo dada," na Bibi anajibu, "Marahabaaa mdogo wangu," anaivuta ile a mpaka nakaribia kuchelewa shule. Penye maulidi Bibi anakaa mbele, jirani nyuma yake. Wakiteka maji, Bibi kwanza. Jirani hajawahi kuridhika, lakini hana ushahidi.

"Utafunga mdomo?" Bibi akaniuliza.

"Nimefunga."

"Mdomo wako mimi naujua."

"Bibi, nimefunga. Na ufunguo nimeumeza."

Usiku ule ufunguo ulinikaa tumboni kama jiwe. Shuleni rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja akaniuliza mbona kimya, nikamwambia jino. Kila neno nililotaka kusema niliona lina kanisa ndani. Mwalimu alitaja misheni kwenye somo la historia, nikakohoa mpaka nikatolewa nje.

Jumamosi tukaondoka baada ya alfajiri. Kwa jirani Bibi aliaga kwamba tunakwenda kumtazama mgonjwa Ikwiriri. Ikwiriri tukaipita, daraja tukalipita, Nyamwage tukaipita, Bibi kajifunika khanga mpaka puani kama mtoro. Tukashuka njia panda, tukapanda pikipiki watatu, mtindo wa mishikaki, Bibi katikati. Kila tulipopanda kilima alinifinya paja. Njia nzima niliwaza mambo mawili tu: jina lisipokuwemo, hakuna Makka, jina likiwemo, itabidi nikae nalo mpaka kufa.

Sista aliyetupokea alikuwa mnene, kandambili miguuni, mwendo wa haraka. Nilitarajia mtu wa kunong'ona. Akatuuliza shida yetu, Bibi akaitazama sakafu, nikaeleza mimi.

"Wa Makka!" sista akasema. "Mwaka jana alikuja mmoja kwa ajili ya shamba, mwingine kwa ajili ya pensheni. Hiki kitabu kinatafutwa na Waislamu kuliko wenyewe. Karibuni, mama, vua wasiwasi, viatu baki navyo."

Bibi akakiangalia kiti kwanza, kisha akakikalia ukingoni.

Kitabu kilikuwa kikubwa kama trei ya sambusa, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Mwandiko ulikuwa umelala upande kama mpunga uliopigwa na upepo, na maneno mengine ya Kilatini. Sista alinionyesha safu: mtoto, baba, mama, walikotoka. Tukaanzia mwaka wa mafuriko ya kwanza. Yeye anasoma ukurasa wa kulia, mimi wa kushoto. Pembeni mwa baadhi ya majina niliona misalaba midogo.

"Sista, hawa wenye misalaba ndio waliofaulu?"

"Hao walikufa wangali wadogo," akasema bila kuinua macho. "Padre wa zamani alikuwa anarudi nyuma na kuwatia alama."

Ukurasa ule tu nilihesabu sita, kisha nikaacha kuhesabu.

Mwaka ule hakuna. Uliofuata hakuna. Bibi alikuwa anachezea pindo la khanga, anauliza, "Bado?" Namjibu, "Bado." Nilikuwa naomba kitu lakini sijui nilikuwa naomba lionekane au lisionekane. Halafu mwaka wa pili baada ya mafuriko, katikati ya ukurasa wa sista, kidole chake kikasimama. Jina la baba yake Bibi. Jina la mama yake. Walikotoka: Umwe. Na jina la mtoto, la Kizungu kwanza, halafu jina la Bibi wangu, lilelile ninalolisikia likiitwa kila siku dukani.

"Huyu hapa," sista akasema.

Bibi hakusogea. "Hilo la kwanza ni lipi?"

Sista akamsomea. Bibi akalirudia kimoyomoyo, midomo tu ikatembea, kama mtu aliyeonjeshwa chakula asichokijua na hataki kumuudhi mpishi.

Nikafanya hesabu. "Lakini mwaka huu haukuwa wa mafuriko yoyote."

"Labda yalichelewa," Bibi akasema.

Sista akaanza kujaza cheti. Umeme ulikuwa umekatika, dirisha dogo, akawa anasogeza karatasi kufuata mwanga. Alipomaliza akatoka kwenda kutafuta muhuri kwa padre. Nikakivuta kitabu kwangu ili nipige picha kwa simu, iwe akiba cheti kikipotea. Nikaunyoosha ukurasa pale ulipokunjika karibu na mshono. Ndani ya mkunjo, pembeni kabisa mwa jina la Bibi, palikuwa na msalaba. Si wa wino kama ile mingine, ulikuwa wa penseli, umefifia, unauona ukiinamisha kichwa.

Niliinamisha kichwa. Nikakinyanyua. Nikakiinamisha tena.

Bibi alikuwa anatazama nje, mzima, anapumua, anajikuna kisigino.

Nilielewa polepole, tena kwa kusukumwasukumwa. Mtoto mchanga wa jina hili alikufa. Kwa hiyo mtoto aliyemwagiwa maji si huyu aliyekaa hapa. Jina lilikuwa la mama wa babake, lazima binti mmoja alichukue. Wa kwanza aliondoka nalo, aliyefuata akapewa. Yule aliyezaliwa juu ya dungu ni mwingine, wa mafuriko ya pili. Na sisi wawili, mimi na Bibi, watu wenye akili zetu, tulikuwa na habari mbili mkononi, amezaliwa juu ya maji bondeni na amebatizwa mchanga mlimani, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kichanga kile kilipitaje mafuriko kwenda kuoga kilimani. Watoto wachanga wakifa kwetu hawahesabiwi kwa sauti. Mama haulizwi, naye hasemi. Shangazi alisikia la ubatizo, la kuzikwa hakulisikia.

Ningesema pale pale. Mdomo wangu, ambao haujawahi kungoja, ulikuwa wazi. Lakini mezani kulikuwa na cheti, kilichoandikwa vizuri, kinachongoja muhuri tu. Cheti kile kilikuwa Makka. Bila cheti tulikuwa na mchwa wa mtendaji. Kijana wa dirishani angesema mwaka ule uko karibu na wa kadi, alitaka andiko la zamani tu, na hili lilikuwa la zamani. Tena kwa mwaka ule Bibi angebaki mkubwa kwa jirani. Kila mtu angepata chake, isipokuwa mmoja ambaye hakuna aliyejua kwamba alikuwepo.

Sista akarudi. Muhuri ukagongwa. Nikafunga kitabu. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema nilitunza siri, na nilijisikia mwizi.

Bibi alishuka kile kilima kama msichana. Kwenye basi akaanza kunitania. Akasema akifika Makka atamwomba Mungu anipunguzie ulimi nusu, nusu abaki nayo yeye ya kujibia. Akakitoa cheti kwenye mkoba mara tatu, akakitazama kichwa chini miguu juu kwa sababu hajui kusoma, akakirudisha. Nami kila akikitoa nageukia dirishani. Nilijiambia nitamwambia akirudi kuhiji. Halafu nikaona: atazunguka ile nyumba akiwa bado na lile swali nyuma ya shingo, na jibu liko kwenye simu yangu, mfukoni.

Basi likasimama Nyamwage. Akina mama wakaja madirishani na korosho na machungwa. Bibi akachagua machungwa, anayabonyeza moja moja. Nikatoa simu.

"Bibi, tazama hapa."

"Hiki nini?"

"Msalaba."

"Kanisani kukuta msalaba ni ajabu gani?"

"Huu wanawekewa waliokufa, Bibi. Upo kwenye jina lako."

Akaiacha simu mkononi mwangu, akalishusha lile chungwa kwenye mapaja. Nikamweleza yote, kwa kunong'ona, nikijikanyaga, narudi nyuma, naanza upya. Nikamwambia kwamba yeye hakumwagiwa maji. Nikamwambia kwamba cheti si chake. Nikamwambia kwamba niliona mapema na nikanyamaza. Nilikuwa nalia bila kujua, muuza korosho ndiye aliyenitazama vibaya nikagundua.

Nilidhani atafurahi kuhusu maji, au atanizaba kibao kuhusu cheti. Yeye akauliza, "Alikuwa wa siku ngapi?"

"Sijui."

"Mama alipanda kule na mtoto," akasema, "akashuka mikono mitupu. Kwa miguu." Dereva akapiga honi, Bibi akainuka. "Konda! Konda, shusha!"

Konda akaja. "Bibi, nyinyi mmelipa Kibiti. Hapa Nyamwage."

"Nimesahau mtu."

"Mtu? Mtu gani?"

"Dada yangu."

Konda akaangalia viti vya nyuma, akanitazama mimi, akagonga bodi. Tukashuka na machungwa.

Sista alipotuona tena akasema, "Mmesahau nini?" Bibi akaweka cheti mezani, akakisukuma kwa vidole viwili.

"Hiki kina mwenyewe," akasema.

Sista akaufungua ule mkunjo, akainama. Akasema, "Macho yangu haya," akaenda kabatini kuchukua kitabu kingine, chembamba, cha mazishi. Hakutafuta sana. Siku nane baada ya kubatizwa. Homa. Kumbe masista walimmwagia maji kwa sababu walimwona anakwenda.

"Siku nane," Bibi akasema. "Basi mama alimpakata siku nane."

Akataka kuonyeshwa. Sista akatupeleka nyuma ya ukumbi wa zamani, penye nyasi fupi na mawe yaliyozama. Hakuna aliyejua jiwe lipi. Bibi akachagua mahali pake mwenyewe, akasimama, akafungua viganja, midomo ikatembea. Sista akarudi nyuma hatua chache akainamisha kichwa, naye akisoma za kwake. Mimi utani ulinijia, siwezi kudanganya, ulinijia mzima mzima hadi kooni. Nikaula.

Kutafuta, kuandika na kumngoja padre kulichukua mpaka magari yakaisha, tukalala kwa masista. Wakati wa magharibi sista alinyoosha mkono bila kuulizwa: "Wageni Waislamu huelekea pale, kwenye tangi la maji." Asubuhi akatupa barua yenye muhuri. Ilisema kwamba mtoto wa wazazi hawa, wa jina hili, alibatizwa, akafa, akazikwa, pamoja na tarehe ya ubatizo na ya kifo. Kwamba kwa hiyo mleta barua, binti wa wazazi haohao na mwenye jina hilohilo, hawezi kuwa yeye.

Barua ya kusema wewe si nani. Nikaiangalia njia nzima. Mtu anakwenda kuomba pasipoti kwa karatasi inayosema hayupo kitabuni! Nilishamwona kijana wa dirishani anacheka, msafara unaondoka, Bibi anachota maji na kumwaga. Na nilijua tukishindwa, hatasema kamwe kwamba ni kwa sababu yangu, na hiyo ndiyo ingeniua.

Jumatatu nilitoroka vipindi viwili. Kijana aliisoma barua mara mbili. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Huyu marehemu alikuwa hai mwaka wa pili baada ya mafuriko ya kwanza."

"Ndiyo," nikasema.

"Na alikuwa na jina hili. Nyumba haiweki mabinti wawili hai wa jina moja."

"Haiweki."

"Kwa hiyo bibi amezaliwa baada yake. Mafuriko ya kwanza hayawezekani. Yanabaki ya pili." Akaichukua kadi ya mpiga kura, akaisogeza kando. "Kitambulisho ndicho kilichosema kweli. Bibi, kaape mwaka huu, uniletee. Hongera, umepungua miaka saba."

"Mke mwenza!" nikasema. "Umekuwa binti! Nitakutafutia mchumba."

Bibi alikuwa anatazama kile kitambulisho alichokitukana miaka yote, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu motoni. Sikuelewa mpaka kesho yake asubuhi, juu ya ua: "Shikamoo dada." Ile sauti ya kila siku. Na Bibi, badala ya kuvuta ile a, akasema "Mmh," akaingia ndani.

Wiki zile za kungoja pasipoti alimkwepa jirani kama anadaiwa. Alitoka kuteka maji jua likiwa kali, wakati hakuna mtu. Mimi nami nikakwepa, maana kila jirani aliponiuliza, "Huyo bibi yako ana nini?" nilihisi ufunguo unapanda kooni. Pasipoti ikaja. Kiongozi wa msafara akaipokea. Ikabaki jambo moja, ambalo kila anayekwenda kuhiji hulifanya: kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Bibi alipita mtaa mzima siku tatu. Ua mmoja akauruka.

Asubuhi ya siku ya kuondoka akavaa, akaniambia, "Twende." Jirani alikuwa barazani na ukili wake. Akaanza kuinuka.

"Shi..."

"Keti," Bibi akasema. Akasimama mbele yake, mikono imeshika mkoba. "Shikamoo dada."

Jirani akamtazama. "Unanikebehi siku unakwenda Makka?"

"Sikukebehi. Wewe ni mkubwa. Mie nimezaliwa mafuriko ya pili."

"Nani kakwambia?"

Bibi akanitazama. Nikauma ulimi, kweli, kwa meno. Ningeweza kutunga kitu, mie ni hodari wa kutunga, na nilikuwa tayari kumwokoa kwa uongo wowote.

"Kitabu cha kanisa," Bibi akasema.

Ukili ukasimama. Bibi akasimulia yote, kwa sauti ya kawaida, mlango uko wazi na watu wanapita: shangazi, maji, misheni, msalaba, siku nane. Hakuruka kitu. Mimi nilikuwa natazama njiani nani anasikia. Alipofika mwisho akasema, "Nimechukua shikamoo zako tangu tungali wasichana. Hazikuwa zangu. Naomba radhi."

Jirani akaokota ukili, akauweka, akaokota tena.

"Huyo mtoto," akasema, "alizaliwa kabla yangu?"

"Kabla yako. Miaka miwili."

"Basi mkubwa wetu ni yeye. Sote wawili." Akatikisa kichwa. "Huko uendako, mwanze yeye kumwombea, halafu mie, halafu wewe mwisho. Radhi nimekupa."

"Ahsante."

"Ila ile shikamoo yako sikuisikia vizuri. Huyu mjukuu wako alikuwa anahema."

Bibi akavuta pumzi. "Shikamoo dada."

"Marahabaaa," jirani akasema, akaivuta ile a ndefu, ndefu, mpaka gari la kumpeleka Bibi Dar likapiga honi mara mbili na yeye bado hajaimaliza.